WATU WAHESABIWE GATINI, WASIHESABIWE MAKABURINI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Nimepewa nafasi niseme juu ya usalama wa vyombo vya baharini. Kwetu sisi watu wa visiwa jambo hili si dogo, kwani safari zetu nyingi ni za majini. Lakini nitaanzia mbali, Marekani, kwa sababu yaliyotokea huko yana funzo ambalo sisi bado tunalikimbia.

Katika ncha ya mashariki ya kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, iko bandari ya wavuvi iitwayo Montauk. Baada ya vita kuu ya pili, watu wa mjini walikuwa wakienda huko kwa gari la moshi siku za mapumziko, wakalipa nauli na kupakiwa katika mashua za kukodi kwenda kuvua kwa mshipi. Jumamosi, tarehe 1 Septemba, 1951, mashua moja iitwayo Pelican, ambayo urefu wake ulikuwa futi 42, ilitoka na watu 64. Idadi hiyo ilipita kwa mbali uwezo wake.

Upepo wa kaskazini-mashariki ukachachamaa, ukapambana na maji ya kupwa, bahari ikainuka. Katika kurejea mtambo mmoja ukazimika. Karibu na saa nane mchana, mbele ya rasi ya Montauk, chombo kilipigwa na mawimbi kikapinduka. Walikufa watu 45, na nahodha akiwa miongoni mwao.

Ni rahisi kumlaumu nahodha, kwani maiti hana ulimi. Lakini wakati ule sheria ya nchi haikulazimisha chombo cha namna ile, chini ya tani 15, kukaguliwa. Hapakuwa na mtu aliyesimama gatini akasema: "Basi, wametosha." Sheria ya kukagua vyombo vyote vya kukodi vinavyochukua abiria zaidi ya sita ilipitishwa mwaka 1956, karibu miaka mitano baada ya mazishi.

Sasa turejee kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Iliandikishwa kwa abiria 645. Waliopanda walikuwa wengi mno kuliko hao. Zilipatikana maiti zaidi ya 200, na wengine wengi hawakuonekana tena. Hata mwaka haukutimia, tarehe 18 Julai, 2012, Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe.

Ndugu zangu, lililo chungu zaidi ni kwamba idadi ya waliokuwamo katika Spice Islander iligeuka kuwa mabishano. Mtu aliyepanda bila ya jina lake kuandikwa, hata kifo chake hubishaniwa. Mjane hana kaburi la kuzuru, wala hana karatasi ya kuonyesha kwamba mumewe alikuwamo.

Wako wasemao kwamba hayo ni kudra. Hapana Muislamu anayekanusha kudra. Lakini upepo ni wa Mwenyezi Mungu. Kujaza chombo kupita kiasi ni kitendo cha mja, na mja huulizwa.

Kwa hivyo chama chetu, kikiwa ni chama cha upinzani, kina wajibu wa kuuliza kabla ya msiba. Tudai kila abiria aandikwe jina lake, mtoto na mkubwa, na nakala ya orodha ibaki nchi kavu. Tudai hayo kwa meli kubwa, na kwa mashua za vijana wetu wa Nungwi wanaowachukua wageni kwenda kuvua. Roho ya mgeni na roho ya mwana wetu zina uzito mmoja.

Na sisi wenyewe tujihukumu. Mara ngapi tumekiona chombo kimejaa, nasi tukajipenyeza kwa kuhofia kuchelewa arusi au soko? Anayethubutu kushuka na kungoja chombo kingine tusimcheke. Asiyeweza kushuka chomboni kwa ajili ya roho yake, ataidai vipi haki ya wenziwe mbele ya Serikali?

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia.