Kompyuta Iliyobaki 2009



Wiki iliyopita niliingia steshenari moja kutoa nakala. Kijana wa pale nikamkuta amejishika kichwa. Siku ya tatu hiyo, kivinjari cha kompyuta yake kinagoma kupakua sasisho. Akibofya, hakisogei, anaambiwa imeshindikana. Ameshabadilisha laini, amenunua bando jingine, na mtandao ameutukana kwa maneno ambayo hapa hewani siwezi kuyarudia.

Nikatupa jicho kwenye kona ya chini ya kioo. Tarehe 1 Januari 2009.

"Hiyo achana nayo, mzee," akaniambia. "Umeme ukikatika inarudi hapo hapo."

Kumbe mchawi ni huyo. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuishikilia saa wakati mashine imezimwa. Ikifa, saa hurudi kwenye tarehe aliyoiacha mtengenezaji.

Utauliza, kivinjari na kalenda wapi na wapi? Tovuti salama, zile za https, hujitambulisha kwa cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kivinjari ni mlinzi wa getini. Anapokea kitambulisho kilichotolewa juzi, anatazama kalenda yake, anaona 2009. Kwake yeye kitambulisho hicho hakijazaliwa bado. Anafunga geti. Hata mkongo wa baharini ungeishia sebuleni kwako, hupiti.

Na mara nyingi Chrome yenyewe husema wazi kwamba saa yako iko nyuma. Sisi ndio tunaoufunga ujumbe kabla hatujausoma, kisha tunamlaumu mwenye mnara. Unapoirekebisha saa, kumbuka mashine haijui hesabu yetu ya Kiswahili: saa mbili asubuhi kwake ni 8:00.

Geti hilo hufungwa kwa upande wa pili pia. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama cha zamani, kilichokuwa kikibeba vyeti vya Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya tovuti, kilifika mwisho wake. Vifaa vikuukuu ambavyo havikuwa vimesasishwa vikaanza kuzikataa tovuti zilizo nzima kabisa. Saa zake zilikuwa sawa. Vilivyozeeka ni vyenyewe.

Yako mengine madogo yanayokwamisha kupakua. Diski imejaa. Au faili linazidi GB 4 nawe unalishusha kwenye fleshi iliyofomatiwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili la ukubwa huo hata nafasi ikiwepo. Na kama bado uko Windows 7, Chrome ilikuaga Februari 2023. Toleo la 109 ndilo la mwisho kwako, ubofye hadi kidole kiote sugu.

Lakini kilichonitia hofu pale steshenari hakikuwa betri. Kijana alikuwa ameshachoka. Kwa simu yake alikuwa amepata tovuti ya mtu asiyemjua, inagawa "toleo jipya la bure", naye anatafuta waya alihamishie kwenye kompyuta. Kompyuta hiyo hiyo ambayo watu huchomeka fleshi zenye vyeti vyao, mikataba yao, picha za vitambulisho vyao. Wezi wa mtandaoni wanaujua uchovu huo vizuri. Ndiyo maana hutengeneza kurasa zinazopiga kelele kwamba kivinjari chako kimepitwa na wakati, bofya hapa upesi. Ukibofya, unayemkaribisha ndani siye uliyemtarajia.

Kivinjari hakisasishwi kwa tangazo linalochomoza katikati ya habari unayosoma. Kwenye Chrome, nenda kwenye nukta tatu pale juu pembeni, fungua Msaada, kisha Kuhusu. Kitajikagua chenyewe na kupakua chenyewe. Kikikataa na hapo, chukua faili kwa mwenye mali: Chrome kwa Google, Firefox kwa Mozilla. Kwingine kote ni kununua dawa kwenye basi.

Tuliirekebisha tarehe kwa mkono. Sasisho likaingia kwa mtandao ule ule aliokuwa akiutukana. Betri mpya hajanunua. Anasema ataipitia mwisho wa mwezi. Kwa hiyo umeme ukikatika leo jioni, kesho asubuhi atakuwa tena 2009.