Kuzunguka Puerto Rico kwa gari: makaratasi kwanza, milima baadaye

Maneno yaliyosemwa kwenye mazungumzo ya familia, Kensington-Bailey



Nimeombwa niongee juu ya safari ya Puerto Rico, kwa sababu familia kadhaa zimeanza kuweka pesa kwa ajili ya likizo ya shule ya Aprili. Naelewa. Wazee wetu wamekaa hapa Buffalo miaka mitano, wengine kumi, na wanachokiona ni ardhi tambarare na theluji. Bibi akiuliza ni lini ataona tena mlima wenye migomba, hakuna wa kumwambia apande ndege aende Kivu. Puerto Rico ni kisiwa cha milima, joto mwaka mzima, watu wanakula ndizi za kupika, muhogo, magimbi na mbaazi. Tena kiko chini ya Marekani tangu 1898. Kwa hiyo mtu aliyeingia kama mkimbizi, hata akiwa bado hajapata uraia, anaweza kwenda na kurudi bila pasipoti na bila hati ya kusafiria ya mkimbizi, kwa sababu hajatoka nchini.

Mtego uko kwenye njia ya kufika. Mtu atakuambia tiketi ya kuanzia Toronto ni rahisi, na uwanja uko mwendo wa saa mbili tu. Ukishavuka Peace Bridge umetoka Marekani, na kama huna hati ya kusafiria unaweza kukwama upande wa pili huku watoto wako wako hapa. Kabla ya kulipa, soma kila mji ulioandikwa kwenye tiketi. Orlando sawa, New York sawa. Panama au Jamhuri ya Dominika, hapana. Ukiwa kisiwani pia usipande meli ya kwenda Santo Domingo. Na hili si la Puerto Rico peke yake: ukienda kusalimia ndugu Detroit, ramani ya simu itapenda kukukatisha kupitia Kanada.

Kwenye ndege, tangu 7 Mei 2025, leseni ya New York ya kawaida, ile isiyo na nyota wala bendera, haitoshi. Tumia grini kadi, kibali cha kazi chenye picha, au leseni yenye nyota. Asiye raia abebe karatasi zake halisi za uhamiaji, pamoja na za watoto, kwa sababu maofisa wanaweza kuziuliza uwanjani. Picha kwenye simu isiwe tegemeo lako. Mwenye I-94 tu, ambaye grini kadi bado haijatoka, amuulize kwanza mfanyakazi wa kesi yake. Na mwenye kesi ya hifadhi isiyoamuliwa, au barua yoyote ya mahakama ya uhamiaji, aongee na mwanasheria kabla ya kununua tiketi. Baba mmoja akisimamishwa, familia nzima imesimama.

Sasa gari. Leseni ya New York inakubalika kule. Kampuni nyingi za kukodisha zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na vijana wa chini ya miaka 25 hulipishwa zaidi. Familia ya watu tisa itavutiwa na vani kubwa. Mimi nasema hapana: milimani vani kubwa ni mateso, bora magari mawili madogo na madereva wawili wazima. Viti vya watoto bebeni vyenu. Barabara kuu kadhaa ni za kulipia na hakuna wa kumpa pesa mkononi, gari linasomwa na mashine, kwa hiyo ulizeni mnapochukua gari malipo hayo yatakatwaje. Kitu kingine kinachochanganya: umbali umeandikwa kwa kilomita na mafuta yanauzwa kwa lita, lakini mwendo ni wa maili kwa saa.

Mkitazama ramani mtadhani kisiwa ni cha siku moja, kwani urefu wake ni kama kilomita 170 tu. Kilele kirefu kuliko vyote, Cerro de Punta, kina mita 1,338. Yaani kiko chini kuliko maji ya Ziwa Kivu! Lakini milima ile inainuka kutoka baharini, na barabara zake zinajipinda. Aliyepanda Ngomo akitoka Kamanyola, au Bugarama akitoka Bujumbura, anajua ninachosema: kona haioni kona nyingine, unapiga honi ndipo unaingia. Kilomita 30 zinaweza kula saa nzima na zaidi, na watoto wanatapika.

Ndiyo maana sishauri kufuata ile Ruta Panorámica yote, kama kilomita 266 juu ya mgongo wa kisiwa. Zungukeni pwani, na mlima muukate mara moja. Kutoka San Juan nendeni mashariki, mle Loíza, mji wa wazao wa Waafrika waliokuwa watumwa hadi 1873, kisha msitu wa El Yunque. Shukeni kusini hadi Ponce, mlale. Asubuhi na mapema pandeni Adjuntas kwenye mashamba ya kahawa. Bibi ashuke, aguse majani ya mgomba, akae anavyotaka. Siku hiyo msipange kitu kingine. Mrudi Ponce kabla ya giza, na kesho yake barabara ya 52 itawarudisha San Juan, kama kilomita 110. Siku tano zinatosha. Upande wa magharibi unaweza kusubiri mwaka mwingine.

Aprili ni nzuri. Vimbunga huanza Juni hadi mwisho wa Novemba, na Maria ya 20 Septemba 2017 ndiyo iliyoleta Buffalo baadhi ya majirani zetu wanaozungumza Kihispania. Waulizeni hao, wanajua barabara kuliko simu.

Siku ya kurudi, fikeni uwanjani mapema. Mizigo yote inakaguliwa na watu wa kilimo kabla ya kupanda ndege, na embe bichi halipiti. Maembe yaliwe huko huko.