Saa Iliyofutwa Hemani

Wanaume wawili wameketi chini ndani ya hema la Wapiegan, jamii ya Blackfeet wa nyanda za kaskazini mwa Marekani. Mzee Little Plume yuko mahali pa heshima, upande wa nyuma unaoelekeana na mlango. Kando yake yuko mwanawe, Yellow Kidney. Wamezungukwa na kiko, mapambo na vitu vya ibada. Na katikati yao imewekwa saa ya mezani ya mviringo, ya aina ile yenye kengele ya kuamshia, ambayo mwaka wa 1910 mtu yeyote Marekani angeweza kuinunua dukani.

Picha hiyo ya hemani ilipochapishwa kitabuni mwaka uliofuata, saa haikuwamo. Ilikuwa imefutwa. Inajulikana kwamba ilikuwapo kwa sababu negativu ya picha ilinusurika, na leo imo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, mjini Washington.

Aliyeipiga ni Edward Curtis, na kazi yake si ya kubezwa hata kidogo. Aliacha studio iliyokuwa ikimlipa vizuri mjini Seattle akaenda kulala mahemani. Mwaka 1906 tajiri J. P. Morgan alikubali kumpa dola 75,000, na kati ya 1907 na 1930 zikatoka juzuu 20 za The North American Indian. Alifika kwa jamii zaidi ya 80, akapiga picha zaidi ya 40,000, akanasa nyimbo na lugha kwenye silinda za nta. Wapo wajukuu wa watu wale wanaozirudia picha na sauti hizo leo ili kujifunza tena yale ambayo wazee wao walikatazwa kuyafundisha. Ikumbukwe kwamba zama hizo watoto wa jamii hizi walikuwa wakipelekwa shule za bweni, wakikatwa nywele na kuadhibiwa kwa kusema lugha ya nyumbani.

Curtis aliamini kwamba watu hawa wanatoweka, akataka kuwahi. Picha yake mashuhuri ya 1904 inawaonyesha Wanavajo wakienda zao kwa farasi, migongo imeelekea kamera, wakimezwa na giza. Akaiita picha ya jamii inayotoweka. Kwa macho kama hayo, saa ilikuwa inaharibu hadithi. Mtu mwenye saa ni mtu wa leo: ana wa kumwamsha, ana pa kwenda asubuhi. Ikiondolewa, mzee Little Plume anahamishwa kutoka 1910 anapelekwa katika zamani zisizo na tarehe, na msomaji wa New York anamtazama kama marehemu ilhali yu hai.

Mpigapicha wa safari wa siku hizi wala hahitaji kufuta kitu. Anasogea nusu hatua tu, na paneli ya sola inatoka kwenye fremu. Ndoo ya plastiki inaondolewa, kinaletwa chungu. Kijana wa Kimaasai anaombwa aifiche simu ndani ya shuka, simu ileile anayoulizia bei ya ng'ombe kabla ya kwenda mnadani. Picha inatoka nzuri, hakuna ubishi. Lakini mila imekatwa kutoka kwenye maisha yanayoilea, na huko ni kuwakosea watu hata kama mkataji anawapenda kwa moyo wote.

Wapo waliokataa kamera moja kwa moja. Wahopi wa Arizona walichoshwa na umati wa wageni wenye kamera kwenye ngoma zao za ibada, na hadi leo mgeni anayeingia vijijini mwao haruhusiwi kupiga picha, kurekodi, wala kuchora.

Wengine waliishika kamera wenyewe. Horace Poolaw, Mkiowa aliyezaliwa Oklahoma mwaka 1906, alipiga picha za ndugu na majirani zake kwa miongo kadhaa: magari, sare za jeshi, mavazi ya sherehe, yote pamoja kama yalivyokuwa. Nyuma ya baadhi ya picha aligonga muhuri wenye jina lake, ukieleza kwamba ni picha zilizopigwa na Mwindio. Katika picha ya mwaka 1944 hivi, iliyopigwa kwenye kambi ya jeshi la anga huko Florida, yeye na Mkiowa mwenzake Gus Palmer wako penye ndege ya kivita wakiwa wamevaa vilemba virefu vya manyoya. Palmer yuko kwenye bunduki, Poolaw kwenye kamera. Hakuna kilichofichwa.

Na saa? Saa ilirudi, mbali na hema lile. Mpigapicha Seydou Keïta alifungua studio mjini Bamako mwaka 1948, akitumia shuka la kitandani kama pazia la nyuma. Alikuwa na vitu vya kuwaazima wateja: saa za mkononi, kalamu za wino, redio, skuta, na pia saa ya kengele. Watu walivipenda. Mama aliyejifunga kilemba chake vizuri, akatandaza kanzu yake pana, aliona fahari kuonekana na redio ubavuni. Kwake vitu hivyo viwili havikugombana.

Mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilioneshwa New York bila jina la mpigaji. Watu wakafunga safari hadi Bamako wakamkuta Keïta angali hai, na negativu zake kwa maelfu zimetunzwa. Jina lake likarudi. Wengi wa waliokaa mbele ya shuka lile bado hawajatambuliwa.