Mkono Uliopooza na Mashine ya Sumaku



Tukitembelea nyumba zenye wagonjwa wa kiharusi, tunaulizwa: "Ni kweli kuna mashine ya sumaku inayorudisha nguvu za mkono?" Wengine wako tayari kuuza ng'ombe ili mgonjwa apelekwe. Kabla ng'ombe hajatoka zizini, tuelewane kwanza.

Mashine ipo. Mwaka wa 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme kwa ghafla. Nguvu za sumaku zilipenya fuvu bila kupasua, zikaamsha ubongo, na misuli ya mkono ikashtuka yenyewe.

Je, inahusu nini kiharusi? Ubongo una pande mbili, na kila upande humzuia mwenzake asizidi. Mmoja ukiumia, ule mzima waweza kuulemea. Wataalamu wakafikiri: tukiutuliza ule mzima kwa sumaku, ulioumia utapata nafasi.

Basi wakajaribu. Huko Marekani walichukua wagonjwa 199 ambao mkono mmoja ulikuwa dhaifu. Wengine walipata sumaku ya kweli, wengine mashine ya kuiga tu. Wote, bila kubagua, walifanya mazoezi ya mkono kwa wiki 6. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2018. Miezi 6 baada ya matibabu, kati ya kila 100 waliopata sumaku, 67 walikuwa na nafuu ya kutosha. Na wale wa mashine ya kuiga? 65. Sumaku haikuonekana kuongeza kitu.

Hatusemi mashine ni bure. Utafiti unaendelea, na majaribio mengine madogo yameleta matumaini. Lakini hata huko, sumaku hutumiwa pamoja na mazoezi, haichukui nafasi yake. Na bangili za sumaku zinazouzwa sokoni si mashine hii, jamani! Msidanganywe.

Sasa sisi tufanye nini? Mambo manne:

1. Mgonjwa afikishwe hospitalini mapema, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo amwonyeshe yeye na jamaa zake la kufanya.

2. Mazoezi yafanywe kila siku, kwa kazi za nyumbani: kushika kikombe, kuambua maharagwe, kukunja nguo. Mkono uliopooza usivutwe kwa nguvu, bega litaumia.

3. Presha ipimwe, na dawa zisikatizwe hata akijisikia vizuri. Kiharusi hurudi.

4. Kikundi kipange zamu. Mgonjwa aliyefichwa chumbani hukata tamaa, naye anayemwuguza huchoka.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mkutano ujao, andikeni majina ya wagonjwa wa kiharusi walio karibu nanyi, na kando ya kila jina, watu wawili wa kumtembelea. Ng'ombe abaki zizini, maziwa yake mgonjwa anayahitaji.