Arabika ya mlimani na joto la Kisangani
Wasikilizaji, kahawa ya arabika ya Kivu haifai kupandwa Kisangani. Kichaka hicho, kibichi mwaka mzima, kimezoea ubaridi wa milimani. Sisi tuko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na katika joto hili lenye unyevu arabika hushikwa na ugonjwa wa kutu: geuza jani uone unga wa rangi ya chungwa. Kweli, arabika ina bei nzuri zaidi, lakini mti uliopukutika majani utauza nini? Afadhali kahawa ya robusta: ni mwenyeji wa misitu yetu, na kituo cha utafiti cha Yangambi kimeitafiti tangu miaka ya 1930. Ila usipande vipandikizi vya mti mmoja tu, kwani robusta haijichavushi, huhitaji chavua ya ukoo mwingine. Mashina yakizeeka, yakate, ubakize machipukizi matatu yenye nguvu.