Hotuba: Nyumba ya Makarani Mjini London

Tumeombwa tuseme habari za nyumba za zamani za Uingereza. Wengi hudhani nyumba ya kusifiwa ni ya mfalme au ya tajiri mkubwa. Sisi tumechagua nyumba ya kiasi tu: namba 17, Gough Square, mjini London, katika vichochoro vilivyo karibu na Fleet Street.

Nyumba hiyo ilijengwa mnamo mwaka 1700 kwa matofali. Mjini kiwanja ni haba, basi haikutanuliwa ubavuni bali ilipandishwa juu, orofa juu ya orofa. Ngazi ya mbao yapanda katikati, na vyumba viko huku na huku. Kuta za ndani zimefunikwa kwa mbao, na katika orofa moja ziko kuta zenye bawaba: zikifungwa ni vyumba, zikikunjwa ni ukumbi mmoja. Mlango wa mbele una mnyororo mzito, na juu yake, penye kidirisha, pana pao la chuma lenye miiba, ili wezi wasipitishe mtoto hapo akawafungulie.

Bwana Samuel Johnson alikaa humo kwa kupanga tangu 1748 hata 1759, akitunga kamusi ya Kiingereza. Kazi ilifanywa darini, chini ya paa, mahali palipopangwa kama ofisi. Johnson alisoma vitabu, akapiga mstari chini ya neno alilolitaka. Makarani wake sita wakainakili sentensi ile katika vipande vya karatasi, kila neno kwa herufi yake. Aliahidi miaka mitatu. Ikamchukua karibu tisa. Kitabu kilitoka 1755, chenye maneno zaidi ya 42,000. Alikuwa ameahidiwa pauni 1,575, na mishahara ya makarani ilitoka humo humo. Haikumtajirisha, kwani mwaka 1756 alikamatwa kwa deni lisilofika pauni 6, akaokolewa na rafiki.

Tena mwaka 1752 alifika humo kijana mweusi, Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaica. Alikuwa mtumishi, lakini Johnson alimpeleka shule kwa gharama yake. Na alipofariki mwaka 1784, sehemu kubwa ya mali yake alimwachia Barber. Wako waliochukizwa, wasia haukubadilika.

Kufika 1911 nyumba ilikuwa imechakaa sana, hata Bwana Cecil Harmsworth akainunua, akaitengeneza, akawafungulia watu mwaka 1914. Katika vita kuu ya pili mabomu yaliunguza paa, juu ya chumba kile kile cha makarani. Nyumba ikaokolewa, paa likajengwa upya. Hata leo wageni huingia wakaitazama.

Sasa tuulize: nyumba nyingine za zamani za uwanja ule zi wapi? Zimebomolewa, ingawa zilijengwa kwa matofali yale yale. Hii imesalia kwa sababu ya kazi iliyofanywa darini, na watu waliosimama humo wakiandika neno baada ya neno. Basi sisi tushikao kalamu tusiidharau kazi ndogo ya kila siku. Ukuta hulindwa na chokaa. Lakini jina la nyumba hulindwa na matendo ya waliokaa ndani.