Chapa na Kizuizi: Kufasili Aina za Vimeng'enya Vizuizi vya Bakteria kwa Kiswahili, kwa Mifano ya Tarime na Serengeti

1. Utangulizi

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ng'ombe ni mali, ni mahari na ni heshima ya kaya. Mali ya namna hiyo, ambayo hutembea yenyewe na huweza kuswagwa usiku mmoja hadi wilaya nyingine, haina budi kuwekewa alama. Mfugaji ambaye ng'ombe wake hana alama hukosa ushahidi siku ya shauri. Ndiyo sababu jambo hili halikuachiwa mila peke yake, bali lilitungiwa Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010.

Bakteria, kiumbe cha seli moja, naye ana tatizo linalofanana na hilo. Virusi humvamia kwa kumwingizia DNA yao, na ndani ya seli DNA ya mgeni na ya mwenyeji huwa zimeumbwa kwa herufi zile zile nne. Bakteria huwezaje kuiharibu ya mgeni bila kujiangamiza? Jibu ni chapa. Mhadhara huu unakusudia kufasili aina nne za vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo, na kuonyesha kwamba fasili iliyo wazi kwa Kiswahili ina manufaa hata kwa mfugaji wa Mugumu ambaye hatakanyaga maabara maishani mwake.

2. Neno kabla ya fasili

Neno kimeng'enya limezoeleka katika maandiko ya sayansi ya Kiswahili. Limetokana na kitenzi meng'enya, yaani kuvunjavunja kitu hadi kiwe vipande vidogo. Kazi ya kuunda istilahi za namna hii ilipigwa hatua kubwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990.

Ugumu uko kwenye sifa ya kimeng'enya hiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti waliona kwamba virusi vilivyostawi katika kabila moja la bakteria vilishindwa kustawi katika kabila jingine. Ustawi wao ulizuiwa, na jina la kitaalamu likatokana na kuzuiwa huko kabla ya kujulikana kwamba kinachotendeka hasa ni kukata. Katika miaka ya 1960, Werner Arber wa Geneva alieleza kwamba bakteria huiwekea DNA yake alama na kuikata isiyo na alama.

Je, Kiswahili kiseme kimeng'enya kikataji au kimeng'enya kizuizi? La kwanza linavutia kwa uwazi wake, lakini linasema nusu ya habari. Baadhi ya vimeng'enya hivi ni changamano, yaani protini kadhaa zilizoshikamana na kutenda kazi kama kitu kimoja, na changamano hilo hukata na pia hupiga chapa. Neno kizuizi, ambalo kila msafiri analijua kutokana na kizuizi cha barabarani, linabeba kazi zote mbili: kizuizini watu hukaguliwa, mwenye kibali akapita na asiye nacho akazuiwa. Kwa hiyo vimeng'enya vizuizi ni istilahi inayofaa zaidi kwa kundi zima.

3. Aina nne

Uainishaji hutazama mambo matatu: muundo wa kimeng'enya, mahali kinapokata, na kile kinachohitaji ili kifanye kazi.

Aina ya I ni changamano kubwa la protini za namna tatu. Moja hutambua mfuatano maalumu wa herufi za DNA, ya pili hupiga chapa kwa kubandika kundi la methili, na ya tatu hukata. Aina hii hutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Ajabu yake ni kwamba haikati pale ilipotambua, bali huivuta DNA na kuikata mbali, mara nyingi herufi elfu moja au zaidi kutoka hapo, mahali pasipotabirika. DNA inapojinakili, uzi wa zamani huwa na chapa na uzi mpya huwa hauna. Changamano halikati nyuzi hizo. Huuwekea chapa uzi mpya. Mfugaji atalielewa hili bila shida: ndama hajapigwa chapa bado, lakini anamfuata mama mwenye chapa, naye hujulikana kuwa ni wa boma hilo.

Aina ya II ni nyepesi. Kwa kawaida mkataji na mpiga chapa ni vimeng'enya viwili tofauti, kila kimoja na kazi yake. Mkataji hahitaji ATP, bali madini ya magnesiamu, na hukata ndani ya mfuatano alioutambua au karibu yake sana. EcoRI, kwa mfano, hutambua GAATTC, mfuatano ambao husomeka vilevile katika kila uzi ukisomwa kwa mwelekeo wake. Mwaka 1970 Hamilton Smith na wenzake walieleza kimeng'enya cha aina hii, na Daniel Nathans akaonyesha jinsi kinavyoweza kutumika kuchora ramani ya DNA ya virusi. Wawili hao na Arber walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Aina ya III iko katikati. Ni changamano la protini za namna mbili, hutumia ATP, na hukata takriban herufi 25 hadi 27 kutoka mahali ilipotambua. Kwa kawaida huhitaji mifuatano miwili iliyoelekeana kinyume kabla ya kukata.

Aina ya IV hupindua kanuni. Haina mpiga chapa, nayo hukata DNA yenye chapa. Baadhi ya virusi hubadili herufi zao ili vikwepe wakataji wengine. Aina hii huwanasa hao, mithili ya mlinzi ajuaye kwamba chapa iliyopo mbele yake ni ya kughushi.

4. Fasili na maisha ya watu

Tofauti hizi si za kukariri tu. Mkataji anayekata pasipotabirika hatoi vipande vile vile kila mara. Wa Aina ya II hutoa. DNA ya kimelea ikikatwa naye, vipande vikatenganishwa kwa urefu wake, hupatikana mistari inayokitambulisha kimelea kama chapa inavyomtambulisha ng'ombe.

Eneo la Serengeti linaujua umuhimu wa utambuzi huo. Malale iliripotiwa upande wa Ikoma katika miaka ya 1920, na mwaka 2001 iliwapata watalii waliotembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania. Kimelea kinachowaua watu na ndugu yake asiyeweza kuwadhuru hufanana kabisa chini ya hadubini, na wote wawili huishi katika damu ya ng'ombe. Katika miaka ya 1990 watafiti walitumia vimeng'enya vya Aina ya II kutofautisha vimelea vya Uganda. Baadaye vipimo vya jeni la SRA vilirahisisha kazi hiyo.

Mfugaji akiambiwa tu kwamba ng'ombe wake ana vimelea, hajui kama hatari ni ya zizi peke yake au ni ya mtoto achungaye pia. Katika wilaya hizi, ambamo Kikurya, Kingoreme, Kiikoma na Kinata husemwa nyumbani, lugha inayowakutanisha mfugaji, bwana mifugo na mganga wa zahanati ni Kiswahili. Jibu la maabara lisilo na Kiswahili chake huishia mezani.

5. Hitimisho

Mwanafunzi wa Tarime husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha hukutana na vimeng'enya kwa Kiingereza sekondari. Istilahi ndizo daraja la pengo hilo. Mhadhara umeonyesha kwamba maneno chapa, kizuizi na changamano yanatosha kubeba fasili za aina zote nne bila kupunguza ukweli wa kisayansi. Kazi iliyobaki ni kuyasanifisha, kuyafundisha, na kuyafikisha mnadani na zahanati, mahali ambapo kutofautisha kimelea na kimelea ni suala la uhai wa mtu.